Walinzi Wenye Usingizi

Mpima damu wa ghorofa ya pili huigonga kila chupa kwa ukucha na kuifokea: "Walinzi, amkeni!" Huwaambia wagonjwa kwamba kinga ya mwili ni walinzi, na kuna watu hurithi kwa wazazi walinzi wenye usingizi, saratani ikapata upenyo. "Si lazima ipite," huongeza haraka, "lakini geti halina komeo." Mwezi uliopita alikuja dada yake kupimwa, akacheka mpaka akashika mbavu: "Kaka, hata damu unaigombeza?" Majibu yakaonyesha amerithi vinasaba vilevile vya mama yao, aliyeuawa na saratani. Mpima damu hakufoka. Aliinyanyua chupa ya dada yake kwa mikono miwili, akaiinamia. "Shikamooni, waheshimiwa," akanong'ona. "Nawaombeni msilale. Huyu ndiye niliyebaki naye."