Mpiga Chapa na Neno REM

Wiki jana nilikuwa katika ofisi moja ya kupiga chapa huko Eastleigh. Mtaalamu wa kompyuta, kijana mwenye tai, alikuwa akirekebisha programu ya bima. Maelezo yake yote, yale ambayo mashine huyaruka, yalianza na neno REM, lakini kompyuta ya mteja ilitaka alama ya nyota. Mteja alikuwa njiani, na kijana alikuwa bado akifuta REM moja moja na kuweka nyota.

"Bwana, shika Control, bonyeza Q, halafu A," mama mpiga chapa alimwambia. "Itabadilisha yote mara moja."

Kijana akaandika REM, kisha nyota ya kuchukua nafasi yake. Kabla hajabonyeza kitufe cha mwisho, mama akamshika mkono.

"Ngoja. PREMIUM nayo ina REM ndani. Ongeza W, iguse neno zima peke yake."

Maelezo yote yakageuka, PREMIUM, yaani ada ya bima, ikabaki salama.

"Kompyuta umesomea wapi, mama?"

"Sijasomea. Mimi husoma ninachopiga."

Wenye tai wengi wangeagiza chai wabadilishe mazungumzo. Huyu alimvutia mama kiti waipitie programu pamoja, na nilipoondoka kijana ndiye aliyekuwa akiuliza maswali.