X Iliyokosekana Mwilini mwa Yakobo Shigela

Si kweli kwamba Yakobo Shigela wa Pasiansi alipofushwa na machozi ya watu aliowachorea X. Maneno hayo yamezungushwa misibani na saluni kiasi cha kutosha, na baadhi ya wanaoyazungusha walikula na kunywa nyumbani kwake. Kweli ni kwamba baba yake, mzee Shigela wa Magu, aliingiwa na giza la macho, kisha akafa kwa kuumwa kichwa, Yakobo akiwa bado hajaanza shule. Je, mzee naye alilaaniwa kwa X ambazo mwanawe angekuja kuzichora baadaye? Atakaye kumsema Yakobo aanzie hapo.

Yakobo alikuwa fundi rangi wa ofisi ya ardhi. Nyumba ikishapimwa na kukutwa ndani ya eneo la barabara, yeye ndiye aliyetumwa kuichora X nyekundu ukutani, na chini yake neno BOMOA. Watoto wa vilimani Ilemela walimwita Bwana X. Lakini alikuwa na utaratibu wake. Hakuchora kabla ya kupiga hodi, kusalimu na kunywa maji ya nyumba hiyo. Penye msiba alipita kimya, akarudi arobaini ikiisha.

"Nyumba inakwenda kufa," alimwambia mkewe, Paskazia. "Lazima mtu aiage."

Jicho lake la kushoto lilipoanza kuingia ukungu, dada yake Sabina alimshika mkono hadi kwa mganga. Mganga akasema: futa ulichokichora. Basi mtu mzima, mwenye cheti chake cha ufundi, akanunua chokaa, akaenda kwa mama Akumu, mjane wa Kijaluo mwenye nyumba kando ya barabara, akaanza kupaka juu ya X aliyoichora kwa mkono wake mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unafanya nini ukutani kwangu?"

"Nakufutia, mama. Unisamehe."

"Unanifutia?" Mama Akumu aliuweka ungo wa dagaa chini. "Wee Yakobo! Fidia yangu iko kwenye hiyo X! Wakija wasipoiona nitamwonyesha nani, wewe na chokaa yako? Irudishe! Tena uichore kubwa kuliko mwanzo."

Yakobo akarudi na rangi nyekundu. Alipochovya brashi, ilipita hewani, pembeni ya kopo. Mama Akumu akaona, na hasira ikamtoka.

"Kumbe huoni, mwanangu. Sikiliza. Mimi sikukulaani. Ningetaka kukulaani ningekuambia usoni, nawe ungesikia. Nenda kwa daktari wa macho."

Daktari huyo, kijana mpole aliyeitwa Alexander, alimtia dawa ya kupanua mboni, akachungulia kwa muda mrefu. Nyuma ya jicho palikuwa na fundo la mishipa ya damu, limesokotana kama mizizi ya magugu maji. Akauliza habari za ukoo, akaambiwa ya mzee Shigela. Akatuma damu ikapimwe na kichwa kipigwe picha. Majibu yaliporudi akawaita mume na mke.

"Mzee, unafanya kazi gani?"

"Nachora X kwenye nyumba za kubomolewa."

"Basi utanielewa kuliko wengi."

Akawaeleza kwamba mwili umejengwa kwa seli zisizohesabika, na ndani ya kila seli mna protini ambazo kazi yake ni kuamsha jeni au kuzilaza. Iko moja inayoamsha jeni za kujenga mishipa ya damu pale hewa inapopungua. Na ajabu ni hii: seli huitengeneza protini hiyo saa zote, hata hewa ikiwa tele, na papo hapo huiwekea alama ya kubomolewa. Alama yenyewe ni protini ndogo iitwayo yubikwitini, hubandikwa moja baada ya nyingine kama shanga. Iliyobandikwa hupelekwa kwenye kinu cha seli, ikakatwakatwa, na vipande vyake vikajenga vitu vingine.

"Ijengwe ili ivunjwe?" aliuliza Paskazia, ambaye amefundisha miaka mingi na hapitishwi kitu kijuujuu. "Huo si upotevu, daktari?"

"Hapana, mama. Hewa ikikatika, seli haina nafasi ya kuanza kufyatua matofali. Inaacha tu kubandika alama, na protini inasalia pale pale, inaingia kazini."

Paskazia alikuwa ameishi na mwili wake tangu kuzaliwa, na hakujua kwamba ndani yake kuna akili ya namna hiyo.

"Na mimi?" aliuliza Yakobo.

"Kwa baba yako ulirithi jeni yenye kasoro, jeni inayomtengeneza mchoraji wa ndani ya seli, anayeitambua protini hii na kuibandika alama. Ya mama yako ilikuwa nzima, ikakulinda. Lakini katika seli chache, nayo ikaharibika. Hapo hakuna wa kuchora. Protini inabaki hai, inapiga kelele kwamba hewa hakuna, na mishipa inajengwa pasipohitajika. Ndiyo hiyo jichoni. Na kichwani imo pia."

Yakobo aliinamisha kichwa. Kisha akacheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni.

"Mama Suzana, umesikia?" alimwambia mkewe. "Mtaa mzima unasema naumwa kwa kuchora X. Kumbe naumwa kwa kukosa X!"

Jioni hiyo alikaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba, ziwa likimeta mbele yake, akiutazama mkono wake kwa jicho lililobaki.

"Hapa," alisema akigusa kidole gumba, "sasa hivi, wanajenga na kubomoa. Hakuna anayelia. Mungu ana mafundi."

Lakini daktari alikuwa amesema neno jingine. Kila mtoto wake aliweza kuwa ameirithi kasoro, au ameikosa. Ni nusu kwa nusu. Fundo likigunduliwa mapema huweza kuchomwa kabla halijala jicho. Na wakati huo wakwe wa Suzana, binti yao mkubwa, walikuwa njiani kuleta mahari.

Sabina alikuja mbio. "Wifi, subirini ng'ombe waingie zizini kwanza. Wakisikia mko kwenye foleni ya macho, nani ataoa kwenye ukoo wa vipofu?"

Kabla Paskazia hajajibu, Yakobo akasema, "Dada, nyumba ikiwa imo barabarani, kukataa kupimwa hakuihamishi."

"Na wewe unakuja, wifi," alisema Paskazia. "Shigela alikuwa baba yako pia."

Walikwenda kupimwa mchana kweupe, Suzana, wadogo zake Ngosha na Queen, na shangazi yao Sabina, wamevaa nguo za kanisani, na Paskazia mbele, kichwa juu. Jina jema halitembei kwa kunyatia ukutani.

Yakobo alifariki wakati wa masika, kwa uvimbe wa kichwani ambao mkono wa madaktari haukuufikia. Mama Akumu alikuja msibani, akakaa jikoni mpaka matanga yakaanuliwa. Hilo nalo wasemaji hawalisemi.

Mmoja wa watoto alikutwa na fundo dogo kama ncha ya sindano. Lilichomwa kwa mwale wa leza, na leo macho yake yote mawili yanaona mitumbwi ya dagaa ikiwa bado mbali ziwani. Majirani wanauliza ni yupi. Wachumba wanatuma watu waulize. Ni mtoto wa Yakobo Shigela, na anaona. Jina lake halitatajwa hapa wala kwingineko, na asiulize mtu tena.