Vibao vya Shomari wa Mapinga

Naandika "Shomari alikuwa", nafuta. Naandika tena. Kidole kinakataa jamani, hata sijui niwaambieje.

Kwa msiomjua: Shomari alikuwa mwenzetu ofisini, kitengo cha mizigo, meza inayotazamana na yangu. Mkazi wa Mapinga. Mchana kutwa yuko na Excel, ila ukimwachia kalamu kwenye meeting basi umempoteza. Anachora herufi. Niliwahi kumwona akihangaika na mkia wa herufi G mpaka boss akamaliza presentation.

Nikawa najiuliza, mtu mzima na G wana ugomvi gani?

Mnaoijua Mapinga mtanielewa. Viwanja vinauzwa kila kukicha, nyumba zinaota, mitaa mingi haina majina na kuta zote ni za tofali zilezile. Siku moja alifariki jirani yake, mzee fundi cherehani. Wadogo zake wakatoka Handeni kuja kumzika. Walizungushwa na bodaboda mpaka wanafika, watu wanarudi kutoka makaburini.

Shomari aliniambia hakuwa na raha wiki nzima, kila akiwakumbuka wale watu wamesimama getini na mabegi yao.

Akatengeneza kibao, akakipeleka kwa wafiwa kabla ya arobaini. Tangu hapo kila msiba wa mtaani kibao kilikuwa chake. Mbao aliomba stoo, zile za makasha yaliyovunjwa. Juu anaandika MSIBANI, kwa herufi safi utadhani ni za benki, chini mshale. Na pembeni picha ndogo.

Hiyo picha ndiyo iliyoninyima usingizi mimi mbea wenu. Mara sufuria. Mara pampu ya baiskeli. Mara rimoti ya TV, nawaambia, kwenye kibao cha msiba! Nikadhani anatangaza biashara za watu. Nikamweka kitako, nikamuuliza.

Kumbe akiingia kwa wafiwa anatoa pole, halafu anauliza swali moja: marehemu alikuwa anapenda kushika nini? Wengine wanalia, wengine wanabishana. Bibi mmoja wa Kikwere alimcheka kwanza ndipo akamjibu. Rimoti ilikuwa ya mumewe.

Nikamwambia sawa, lakini wageni si wanahitaji mshale tu?

"Nusu yao wanamjua mfiwa, marehemu hawamjui," akasema. "Nataka mtu akifika, awe ameshaanza kumjua."

Shughuli ikiisha, wenye msiba wanabaki na kibao chao. Sikuwahi kujiuliza wanakipeleka wapi.

Alhamisi asubuhi nikapigiwa simu. Homa, hospitali, basi. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Maziko baada ya adhuhuri. Ofisi nzima inatoka Dar na Coaster, mimi natokea Bagamoyo mjini, na kwake nilishafika mara moja tu, tena yeye mwenyewe alinifuata barabarani. Kwenye group mtu akatuma location. Ikawapeleka wenzetu kwenye yadi ya matofali. Shomari alikuwa anazisema sana hizo location, kwamba zinakupeleka alipo mwenye simu, si kwenye msiba.

Hapo nikaogopa kweli. Mtu aliyehangaika ili asiwepo wa kupotea akienda kuzika, leo maziko yake ndiyo tuyakose? Na kibao chake angekichora nani?

Nikashuka kituoni. Pale njia panda nikaona kibao cha MSIBANI, chenye picha ya sufuria, kimesimama juu chini. Nikasema hicho ni cha zamani, watoto wamekichezea. Mbele kidogo, pampu ya baiskeli. Kwenye kona ya duka la mkaa, mkasi wa fundi cherehani. Halafu rimoti.

Nikaelewa. Nikasimama palepale na mkoba wangu, nikalia.

Majirani walikuwa wametoa vibao vya marehemu wao majumbani, walikovitunza miaka yote, wakavipanga kutoka kwenye lami mpaka mlangoni kwake. Ila mishale mingine ilielekea kushoto na njia inakwenda kulia, kwa hiyo wakavigeuza tu. MSIBANI imesimama kwa kichwa, sufuria imefunikwa kifudifudi. Shomari, wewe na mikia yako ya G, ungewafokea halafu ungecheka.

Nikawaelekeza wenzangu kwa simu wafuate vibao. Wakafika kabla ya swala, wote.

Ndani nikakaa karibu na mkewe. Sikuweza kujizuia, nikamuuliza lile swali la Shomari: alikuwa anapenda kushika nini? Kina mama wakawahi kujibu, brashi. Mkewe akatikisa kichwa.

"Brashi ilikuwa kazi, wifi. Huyu alipenda kushika kikombe cha mwenzie."

Chumba kizima kikacheka, na machozi hayohayo. Ni kweli jamani. Ofisini hakuwa na kikombe. Anakuja mezani kwako, anachukua chai yako, anapiga funda, anakuuliza umeamkaje. Na anasubiri jibu, mpaka unamwambia ukweli.

Jana nimeomba ubao stoo, nikanunua rangi. MSIBANI yangu imepinda, na kikombe kimetoka kama ndoo. Mkewe amesema anakitaka hivyohivyo.

Sasa nawauliza na nyie, maana hili swali haliniachi. Wewe unapenda kushika nini? Kinamfaa nani hapo mtaani kwako? Niandikieni hapo chini, nitasoma yote.

Shomari, leo asubuhi nimeweka chai mezani, nikakusubiri uje uibe. Imepoa. Haya, lala kwa amani, kaka yangu. Kwako hatupotei tena.