Mistari Iliyopanda Mlima

Siku moja ninayoikumbuka hata nisipotaka, mwanangu, nilisimama mbele ya akina mama thelathini kule Muhuru Bay nikiwa na chati mpya na kiburi kipya. Nakusimulia kwa sababu kesho unakwenda Masara kuwafundisha wachimba dhahabu hatari za zebaki, na nimeona karatasi zako zimejaa maneno kama gunia la dagaa wa omena.

Mimi nimechoka. Miaka mingi ya kusimama imekula magoti yangu. Lakini hili sitaki kulala nalo.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza chuo. Ugonjwa wa kuhara ulikuwa umeingia ufuoni, nikatumwa kuwafunza wahudumu wa afya wa vijiji kutengeneza maji ya chumvi na sukari. Karatasi zangu niliziandaa Migori, kwa rangi nne, herufi ndogo, kila nafasi imejazwa. Vitu niliviandika kushoto, vipimo kulia. Mistari ilipanda mlima kidogo, nami sikujali.

Nilisoma kutoka kwenye chati, mgongo kwa watu. Nikauliza kama wameelewa. Wakaitika wote. Watu wenye adabu huitika, mwanangu, usidanganyike.

Nilipopindua karatasi, mama mmoja wa benchi la nyuma, jina lake Turfena, akainua mkono.

"Mwalimu, rudisha hiyo ya kwanza. Sijamaliza kuandika."

"Time imeenda, mama. Utaangalia kwa jirani."

Haraka haraka haina baraka. Majuma matatu baadaye nikaitwa hospitalini. Mjukuu wa Turfena alikuwa amehara, na nyanya yake akamchanganyia maji kama alivyofunzwa. Mtoto akatema, nyanya akambembeleza, akamnywesha tena. Ikaja degedege. Nesi alipoyaonja yale maji kwenye chupa, aliyatema.

Turfena alikuwa kando ya kitanda. Hakunigombeza. Alifungua daftari lake: chumvi, vijiko sita, sukari, nusu kijiko. Vijiko sita vilikuwa vya sukari, lakini mstari wangu ulikuwa umevipandisha hadi kwenye chumvi, ile nusu ikabaki kwa sukari, na aliyeketi nyuma aliona hivyo.

"Nyathina," akaniita, yaani mwanangu kwa Kijaluo, "mimi niliandika vile niliona. Wewe uliongea na karatasi siku nzima. Sisi ulitupatia mgongo."

"Nisamehe, mama."

"Nilikuambia urudishe."

Majuto ni mjukuu, husema wazee. Mimi siku ile nilimwona mjukuu mwenyewe, midomo imekauka, mkono umefungwa kwa plasta.

Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini Turfena alirudisha mkoba wake wa kazi, akakataa kabisa kumpa mtoto wa mtu kitu chochote kwa kikombe. Alikuwa mhudumu mzuri kuliko wote pale. Nilimfuata mara mbili kumrai. Mara zote alinipa chai, akabadilisha mazungumzo. Na ripoti ya mafunzo yale ilisema yamefana. Hakuna aliyeniuliza. Wanasema kupotea njia ndiko kujua njia, ila hawasemi kwamba wakati mwingine wewe ndiwe unayepotea na mwingine ndiye anayechoka miguu.

Basi nisikilize. Karatasi moja, jambo moja. Andika maneno machache, makubwa, kwa wino mweusi au wa buluu. Njano inapendeza mkononi tu, kwa mbali haisomeki. Kipimo kikae karibu na kitu chake, na penye kuweza kuchorwa, chora. Kabla watu hawajafika, nenda ukaketi benchi la mwisho, usome mwenyewe. Mimi na magoti haya bado nilikuwa nikienda. Simama kando ya chati, uso kwa watu. Ukimaliza karatasi, ibandike ukutani wairudie. Wala usiulize kama wameelewa. Mwombe mmoja akufundishe wewe. Na mtu akikuambia rudisha, rudisha, hata kama chakula kinapoa.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe sauti ya kufika nyuma, na subira kwa anayeandika polepole. Wanaokusikiliza warudi kwao salama, na watoto wao wawakute wazima.