Sura ya Nahodha wa Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini, Katibu wa timu yetu ya kikapu alinipokea uwanjani Shanwe, hapa Mpanda, akiwa na rimu ya karatasi kwapani. "Kijana, mechi saa kumi. Watu wakikaa, kijarida kiwe mikononi mwao." Hakuniuliza hata jina. Tangu siku hiyo sikuwahi kutulia, na hata sasa nimestaafu, mguu wangu hauachi kutikisika chini ya meza.

Nyie mnaorusha kila kitu kwenye simu, mjue kijarida cha mechi kilikuwa karatasi moja iliyokunjwa: majina ya wachezaji, namba za jezi, na maneno machache juu ya wapinzani. Tulianza na prufu, yaani nakala ya kusahihishia. Ukikosea jina la mchezaji hapo, mama yake atakutafuta sokoni. Nilipofanywa mhariri, niliongezewa kalenda na jarida la msimu, halafu ikaja kazi kubwa: kitabu cha historia ya timu, tangu ikiwa timu ya mchangani hadi ya wachezaji wa kulipwa.

Historia hiyo huiandiki bila nahodha wa kwanza. Alizaliwa kwenye makazi ya wakimbizi, katika familia iliyotoka Burundi, akawa anakuja mazoezini kwa baiskeli. Yeye na wenzake ndio waliomwaga zege la uwanja. Nilimpa sura nzima.

Mwenyekiti wa timu alisoma prufu, akaisukuma pembeni. "Hii sura itoke."

"Kwa nini, Mwenyekiti?"

"Wakati ule alikuwa mkimbizi. Wafadhili watasema timu ya Mpanda ilianzishwa na wageni."

"Ndivyo ilivyokuwa. Na leo ni raia kama mimi na wewe."

"Mhariri, kitabu ni cha timu au chako?"

Nikamwambia sura ikitoka, na mimi natoka. Akanyoosha mkono kuomba funguo za ofisi. Hivyo ndivyo nilivyostaafu, kabla ya wakati wangu.

Siku ya uzinduzi wa kitabu nilisimama nyuma. Nahodha alikuja amevaa koti, mkewe amejifunga kitenge kipya. Alifunua kitabu taratibu hadi mwisho, akarudi mwanzo, akafunua tena. Kisha akakifunga, akapiga makofi pamoja na wengine.

Mkewe ndiye aliyenifuata. "Shemeji, si ulikuja nyumbani ukamhoji kutwa nzima? Mbona hayumo?"

Nilimweleza yote. Akaitikia, "Haya." Basi. Neno hilo lilininyima raha.

Niliipeleka sura ile kwa mchapaji, nikaipanga kwa ukubwa ule ule wa kitabu ili ipachikwe ndani ya jalada. Mechi ya kwanza ya msimu nikasimama getini nikigawa nakala zake. Mchezaji mmoja alisoma akasimama, akaitazama sakafu. "Kumbe zege hili ni lake?" Mwenyekiti alipofika nikampa na yeye. Alitazama jukwaa, watu wote wameinamia karatasi, akapita bila kupokea.

Nahodha alikuja mechi iliyofuata. Wachezaji walitoka mstarini wakampa mkono mmoja mmoja, na mkewe akawa anafuta macho kwa ncha ya kitenge huku akicheka.

Wanangu wananiambia, "Baba, sasa pumzika." Nitapumzikaje, na wanawake waliowapikia uji wachezaji wale wa mwanzo bado hawajaandikwa popote? Mmoja yuko hai, anaishi kijijini Sitalike. Kesho naenda.