William Aliyezikwa Kabla Hajazaliwa

Ijumaa, tarehe 17 Novemba 2017. Asubuhi jua kali. Saa nane na nusu mvua ya mawe. Saa tisa jua tena, limetulia kana kwamba silo lililoondoka.

Mvua ya mawe ilimkuta Libère katikati ya barabara, hatua mia mbili kutoka duka la intaneti la Pitchou, daftari amelifumbata ndani ya shati. Kichwa kilipigwa, mabega yakapigwa, daftari likapona. Alitamani lingelowa. Lilikuwa daftari la tatu, na lilikuwa limejaa watu asiowahitaji.

Watu hao wote waliitwa Henry Trewin. Tangu mwezi wa tatu Libère alikuwa akiwatafuta katika orodha za meli, vitabu vya mazishi na magazeti ya kale ya Australia, ya wakati ule nchi ingali koloni la Waingereza. Henry wa kwanza alikuwa fundi viatu na hakuoa. Wa pili aliiba kondoo, na tangu siku hiyo serikali ikamwandika kwa uangalifu kuliko watu wote wema wa nchi ile: kimo chake, rangi ya macho, kovu la kidevuni, kila kitu isipokuwa mtoto. Wa tatu alizaa mabinti saba, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayefanya makusudi. Na wa nne, aliyefuatiliwa wiki tano nzima, leo ilionekana kwamba alishuka melini mwaka 1871, kijana wa miaka kumi na tisa. Mtu huyo hawezi kuwa baba wa mtu aliyezaliwa 1860, hata ukimsihi.

"Mzee Libère," Pitchou alikuwa amemwambia alipokuwa akifunga daftari, "wazungu yako wamefufuka ama bado?"

"Bado."

"Basi wewe tafuta wafu ya kwetu Lubumbashi. Wale hata hawasubiri kutafutwa, wanakuja wenyewe kudai matanga."

Libère hakucheka. Alikuwa mtu wa maneno machache, umri miaka hamsini na mbili, mlinzi wa mchana katika ghala la samani, na Ijumaa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Siku hiyo moja ya wiki alikuwa ameitoa yote kwa akina Henry.

Kazi hiyo hakuitafuta; ilimtafuta yeye. Yeye na mkewe Goreth, Warundi wote wawili, walikuwa wamekaa miaka kumi na mmoja katika chumba cha uani nyumbani kwa Misi Trewin, mtaa wa Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Misi Trewin alikuwa na miaka themanini na mmoja. Hakuolewa, hakuzaa, na maisha yake yote alikuwa amepiga chapa barua za watu wengine ofisini. Sasa macho yalikuwa yanamwacha. Pembeni aliona vizuri; katikati, pale mtu anapotazama, palikuwa na giza. Daktari alimwambia kwamba ikifika Krismasi ataona mwanga na vivuli, lakini herufi hataziona tena.

Ndipo alipomwita Libère. Alijua kwamba zamani, Bujumbura, alikuwa karani wa parokia, mwandishi wa vitabu vya ubatizo kwa miaka sita.

"Li," alisema, maana jina zima lilimshinda, "babu yangu William alitoka Australia kuja kuchimba dhahabu hapa. Alikufa kwa vumbi la mgodi mwaka 1911, umri miaka hamsini na mmoja. Hati yake ya kifo inasema alizaliwa Kooringa, kule wanakochimba shaba, na baba yake ni Henry. Mahali pa mama wamepiga mstari tu. Shangazi zangu walikuwa wakinong'ona kwamba hakuwa Trewin hata kidogo. Kwamba alikuwa mtu wa kuokotwa, na jina alilisoma juu ya kaburi la mtu akalichukua. Nimelisikia hilo tangu nina miaka sita. Nataka niuone mstari mmoja wenye jina lake na la baba yake. Sitaki kusomewa. Nataka niuone mwenyewe, kabla ya Krismasi."

Hilo tu. Mstari mmoja.

Alipoingia uani akitiririka maji, Misi Trewin alikuwa amekaa varandani na fimbo yake, akisikiliza barafu ikiyeyuka katika mifereji ya bati.

"Umepata, Li?"

"Sikupata, Madame." Wanawake wote wa Kizungu aliwaita Madame. Ndivyo alivyofundishwa shule, na Misi Trewin alikuwa amechoka kumwambia kwamba yeye si Mfaransa.

"Niliwahi kupoteza mbwa," alisema Misi Trewin. "Nilimtafuta wiki mbili. Nilipoacha kumtafuta akarudi mwenyewe. Labda na huyu Henry tumwachie geti wazi."

Pengine ni mawe ya mvua, pengine ni Henry wa nne. Libère, ambaye kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kupaza sauti katika ua ule, aliipaza.

"Henry nilimpata tangu mwezi wa nne, Madame! Wiki ya tano tu!"

Fimbo ilitulia. Hapo alijua kwamba ameshasema, na lililosemwa halirudi kinywani. Akakaa kwenye ngazi, akamweleza yote aliyokuwa amemficha. Henry Trewin, mchimba shaba, alifika mwaka 1855 na mkewe Grace na watoto watatu. Wa mwisho alikuwa mchanga, aliyezaliwa melini, jina William. Walikwenda Kooringa. Na katika kitabu cha mazishi cha Kooringa, mwaka 1858, ameandikwa William Trewin, miaka mitatu, mwana wa Henry.

"Mtoto alikufa, Madame. Kaburi lipo. Nilipouona mstari ule niliwakumbuka shangazi zako. Nikawafuta wote, familia nzima, nikaandika 'si hawa', nikaanza kutafuta Henry mwingine. Nilitaka upate Henry mwingine."

Alingoja. Alitazamia machozi, au kimya, au kufukuzwa chumbani. Misi Trewin akaanza kucheka, akacheka mpaka fimbo ikaanguka na kubingirika kwenye maji.

"Ee Li! Walimzaa mwingine, wakampa jina lilelile."

"Jina la marehemu?"

"La marehemu. Wote walifanya hivyo. Jina la babu mzaa baba halikuruhusiwa kupotea nyumbani. Mama yangu mzazi alikuwa Ethel wa pili. Wa kwanza alikufa kwa kifaduro."

Libère alihesabu kwa vidole. "Miezi minane, Madame. Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Na wewe, kwa nini hukuniambia?"

Jibu alikuwa nalo, lakini halikuwa zuri. Katika miaka sita ya kuandika ubatizo hakuwahi kuandika jina la mtoto aliyekufa juu ya mdogo wake. Kwao, mtoto anayezaliwa baada ya msiba hupewa jina la kudharaulika: Takataka, Wa-Jalalani, Asiyehitajika, ili kifo kikipita kikauliza nani yumo, kione hapana wa maana na kiende zake. Kumrudishia mdogo jina la yule ambaye kifo kilikwisha kumchukua? Hiyo ilikuwa sawa na kukielekeza kifo nyumba. Wazo lenyewe halikuwa na mlango wa kuingilia kichwani mwake.

Aliokota fimbo, akamkabidhi mwenyewe, akageuka kurudi alikotoka. Robot ya kona, taa za kuongozea magari, ilikuwa imezimwa na mvua na magari yalikuwa yakipigiana honi. Akapita katikati yao bila kutazama kulia wala kushoto.

"Umerudi?" alishangaa Pitchou. "Wamefufuka?"

"Fungua ile ya Kooringa. Vitabu vya vizazi."

Ilichukua dakika kumi na moja. Alikuwa ameifunga familia ile kwenye kaburi la 1858 na hakuwahi kutazama chini yake. Mwezi wa pili, 1860: William, mwana wa Henry Trewin, mchimba shaba, na Grace, mkewe. Kooringa. Henry, mji, mwaka, na ukitoa 1860 katika 1911 unapata hamsini na mmoja. Mstari ulikuwa umekaa pale miezi minane yote, umbali wa kidole kimoja.

"Eish," alisema Pitchou akichungulia begani mwake. "Na ile daftari tatu?"

"Nyamaza, Pitchou."

Goreth alirudi kutoka kazini, saluni ya Yeoville, saa kumi na mbili, miguu imevimba, akamkuta mumewe mbele ya wali uliopoa. Alimsikiliza mpaka mwisho huku akivua viatu.

"Miezi minane!" alisema. "Ijumaa thelathini na kitu nimefua peke yangu, nimebeba gesi peke yangu, kwa sababu Baba Armel yuko na Henry! Kuuliza si ujinga. Ujinga ni huo uliokaa hapo."

"Nilimwonea huruma yule bibi."

"Huruma isiyosema ni uvivu." Akajipakulia, akala vijiko viwili, akaweka kijiko. "Lakini niambie. Huyo mama yake, Grace. Akiita 'William' uani, anaitika nani?"

Kabla ya mwana wao Armel, ambaye sasa ni mchomeleaji huko Durban, walikuwa na Diane. Diane alizikwa Kigoma, kambini, akiwa na miezi kumi na minne. Siku ile watu waliacha kumwita Goreth Mama Diane, na jina hilo halikutamkwa tena nyumbani kwao.

"Mimi ningesikia wawili wakikimbia," alisema Goreth. Akachukua kijiko tena: "Pengine ndicho alichotaka yule mwanamke. Pengine alitaka kuita tu." Akavuta sahani. "Pasha moto wali wako. Nao huo umewasubiri wafu wako vya kutosha."

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 18, Libère aliomba ghalani ruhusa ya muda wa saa mbili, akamgojea Pitchou afungue duka. Walikuza mstari ule mmoja mpaka ukajaa karatasi nne kubwa, kila herufi ikiwa na ukubwa wa kiberiti. Alizigandisha kwa gundi ya karatasi, akazibeba nyumbani. Ndani ya nyumba palikuwa na giza, kwa hiyo alizitundika uani kwenye kamba ya kuanikia, juani, kwa vibanio vya nguo vya Goreth.

Misi Trewin alisogea, akageuza uso upande, jinsi alivyozoea sasa, ili aone kwa pembe ya jicho. Alianza na W. Hakuna aliyemsaidia. Alikwenda herufi kwa herufi, akirudi nyuma, akianza upya, huku Libère akitazama saa na kujizuia kusema kitu. Ilipita robo saa kabla hajafika kwenye Henry. Akaugusa kwa kidole.

"Umeutundika upande, Li," alisema.

Libère alikiondoa kibanio cha kushoto, akakipandisha, akauweka mstari sawa, na Misi Trewin akaanza tena tangu W.