Waliyonifundisha Kabla ya Safari ya Mbeya

Mtu akisikia niliwahi kukaa Mbeya, huja kuniuliza mambo ya mji, nami humwambia yale yale niliyoambiwa mimi. Beba nguo nzito, baridi ya kule haina adabu. Maji yachemshe. Ukipokewa na mtu wa pwani, mwamkie shikamoo, vua viatu mlangoni, wala usianze kumsimulia habari za ng'ombe wenu. Ukipotea, muulize mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Mwanamume aliyekaa bure barazani atakupeleka anakotaka yeye. Ni maneno mazuri. Niliyapata yote asubuhi moja, miaka ya hamsini, kijijini kwetu Iringa.

Wakati huo mume wangu alikuwa seremala Mbeya. Dereva wa lori alimletea mama mkwe habari kwamba mwanawe anaumwa, amelazwa, niende upesi. Haya. Nikasaga ulezi, maana akiugua hataki kitu ila uji wa ulezi, tena mwepesi. Ukizidi uzito hununa kama mtoto.

Wanawake wakajaa uani. Jamani, watu wale! Mwaka mzima salamu yao ya shingo upande, leo kila mmoja ana la kunifundisha. Mama mkwe, ambaye hakuwahi kusifu hata chumvi yangu, alinifungia mzigo kwa mikono yake, akaweka na kaniki yake nyeusi. "Ya vumbi la njiani, mkwe wangu," akasema. Nikamwambia asante, mama.

Dereva yule alikuwa na kiburi cha kumpandisha hata mchungaji juu ya magunia. Mimi akaniweka mbele, akanifutia na kiti. Tulipofika Nyololo akasimamisha lori, akaninunulia chai. Nikashika kikombe, na hapo ndipo nilipotambua. Wote wale waliniambia nivae nini, nile nini, nimwamkie nani. Hakuna aliyeniambia nimpelekee mgonjwa nini. Hakuna aliyesema, "Mpe pole." Kwetu mtu haambiwi msiba akiwa njiani, anaambiwa kuna mgonjwa, mpaka afike kwenye watu wa kumshika. Mimi mwenyewe nilishawahi kumwambia jirani hivyo hivyo, na sauti ile ile ya upole.

"Mgonjwa yukoje?" nikamuuliza dereva.

"Kunywa chai, mama, itapoa," akasema, akaenda kukagua matairi.

Nikanywa. Sikulia. Sikuhisi kitu, na hilo ndilo lililoniogopesha. Njia nzima nilipakata mfuko wa unga usije ukamwagika. Huko Usangu dereva akanionyesha mashamba ya mpunga, akasema mwaka huu yamekubali. Nikasema naam, yamekubali.

Mbeya nilipokewa na mwenye nyumba aliyopanga mume wangu, bibi wa Kiislamu, asili yake pwani. Nikavua viatu. Nikasema shikamoo. Sikukosea hata moja. Akanimwagia maji ya kunawa, akaniwekea wali.

"Kula kwanza, mwanangu."

Nikala, yeye akiutazama mkono wangu unavyokwenda na kurudi. Sahani ilipokwisha akanishika mabega. "Tumemzika jana," akasema. "Mchungaji wenu alikuwepo, na sisi majirani wote tulikwenda."

"Ndiyo, bibi," nikasema. Nikafungua mzigo, nikajifunga kaniki.

Asubuhi watu walikuja kunipa pole. Bibi alikuwa ameuona unga wangu, akapika uji, akaanza kunipa mimi. Akauliza kama umekuwa mzuri.

Ulikuwa mzito. Nikakaa na lile bakuli mapajani, nikingoja mtu anune.